Daraja la Kiungani

Zawadi ya kwanza aliyopewa Askofu William Tozer alipofika Unguja ilikuwa watoto watano. Walikuwa wavulana waliokamatwa ndani ya jahazi la magendo ya watumwa, na Sayyid Majid bin Said, mtawala wa visiwa, akaamuru wakabidhiwe wamisionari wapya waliotia nanga mwezi Agosti 1864. Watoto hao walikuwa wameshatenganishwa na mama zao, wameshatembezwa kutoka bara hadi pwani, wameshapangwa chomboni kama shehena. Zama zile wenye majahazi waliwaambia mateka wao kwamba Wazungu hula watu, ili wasithubutu kukimbilia manowari za Kiingereza. Basi tujaribu kuwaza walivyosimama watano wale siku ya kwanza, macho chini, wakisubiri kuona kitakachowapata.

Waliowapokea nao hawakuwa na la kuwaambia, kwa kuwa Kiswahili hawakukijua. Pembeni ya askofu alikuwapo Edward Steere, mwenye umri wa miaka 36, mwanasheria aliyeacha uwakili akapewa ukasisi, akawa anahudumu katika kijiji cha Little Steeping huko Lincolnshire. Alikuja kumsindikiza rafiki yake Tozer na alikusudia kukaa muda mfupi tu. Mwili wake umelala hadi leo katika kanisa kuu la Mkunazini, nyuma ya madhabahu.

Historia ya malezi ya watumishi wa Kanisa katika pwani yetu, kwa upande wa Waanglikana wa UMCA, misheni ya vyuo vikuu kwa Afrika ya Kati, inaanzia katika ukimya ule wa siku ya kwanza, kati ya watoto wasio na kwao na walimu wasio na lugha. Mimi huirudia mara kwa mara kila ninaposikia watu wakizungumzia kulea watumishi kana kwamba ni suala la mitaala na vyeti.

Misheni yenyewe ilifika Unguja ikiwa na jeraha. David Livingstone alisimama mbele ya wasomi wa Cambridge mwezi Desemba 1857 akawataka wasiiache Afrika ya Kati, na vyuo vikuu vikaitikia. Charles Mackenzie akawekwa askofu huko Cape Town siku ya mwaka mpya 1861, akapanda na wenzake hadi Magomero, katika nchi ambayo leo ni Malawi. Mwaka mmoja haukupita vizuri. Wakajikuta katikati ya vita na njaa, wakapigana na wakamataji wa watumwa kwa bunduki, na Mackenzie akafa kwa homa mwezi Januari 1862. Tozer aliyemfuata aliutazama mkasa huo akaamua kurudi nyuma kabisa, hadi kisiwani. Livingstone alikasirika sana, akaona hilo ni kukimbia. Tozer alikuwa na hesabu nyingine. Bara ingehubiriwa na watoto wa bara wenyewe, na watoto hao wote walikuwa wakipita Unguja, sokoni. Kama ungetaka kuwapata Myao, Mmakua, Mbisa, Mgindo na Mnyasa mahali pamoja, hapakuwa na mahali pa kuwakuta zaidi ya hapo. Hesabu hiyo inasikitisha, lakini haikuwa na kosa.

Kwa hiyo shule ikaanzishwa, na baada ya muda ikahamia katika shamba la Kiungani, kusini ya mji, karibu na bahari. Wavulana wakaongezeka kila manowari ilipokamata jahazi. Na hapa ndipo Steere alipofanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa msingi wa yote yaliyofuata. Kabla hajawa mwalimu wa mtu, alikaa chini akawa mwanafunzi. Aliwaendea wenye lugha. Mmoja wao alikuwa Sheikh Abdul Aziz al-Amawi, mwanazuoni na kadhi, mtu ambaye hakuwa na haja ya dini ya Steere na aliyeweza kubishana nayo vizuri, lakini hakumnyima Kiswahili chake. Wengine walikuwa wasimulizi wa mjini waliompa hadithi. Mwaka 1870 vikatoka vitabu viwili, kimoja cha kufundishia Kiswahili cha Unguja na kingine cha hadithi za Waswahili. Wanaopenda kusema kwamba wamisionari walileta elimu na kuigawa wakumbuke kwamba elimu hii ya kwanza ilitoka upande wetu kwenda kwao, na aliyeitoa alikuwa Mwislamu.

Walimu wengine wa Steere walikuwa wavulana wenyewe. Misheni ilikuwa na mtambo wa kupigia chapa, na vijana wa Kiungani wakafundishwa kuutumia. Anayeijua kazi ile ya zamani ataelewa nasema nini. Herufi za risasi hupangwa moja moja kwa vidole, na zimegeuka, kwa hiyo mpangaji hulisoma neno kinyume, silabi kwa silabi. Huwezi kupanga neno usilolijua bila kulisimamia. Kijana aliyepanga sala ya Kiswahili kwa vidole vyake alikuwa wa kwanza kugundua kwamba neno fulani halisemwi hivyo, na mwenye kitabu alikuwa karibu akingoja karatasi ya kwanza ikauke aipitie. Tafsiri ya Maandiko ilipita katika mikono hiyo. Sijui darasa la theolojia lililo bora kuliko hilo. Mwalimu amekosea kwa Kiswahili, mwanafunzi analiona kosa, na wote wawili wanalitafutia neno linalofaa kwa sababu litasomwa na watu wasiowahi kuonana nao.

Majina yao yanastahili kutamkwa. Miongoni mwa waliobatizwa mwanzo kabisa, mwaka 1865, walikuwamo John Swedi, George Farajallah, Robert Feruzi na Francis Mabruki. Tazama yalivyoungwa. Jina la kwanza la Kiingereza, la ubatizo. Jina la pili la utumwani, kwa kuwa Mabruki na Feruzi ni majina ambayo mabwana wa pwani walizoea kuwapa watumwa wao, aliyebarikiwa, jiwe la thamani, kama mtu avalishavyo ng'ombe kengele. Jina la tatu, lile alilopewa mtoto na bibi yake huko Uyaoni au Unyasa, halimo. Mmoja aliyefika baadaye aliitwa Majaliwa, na huyo tutarudi kwake.

Mwaka 1870 Tozer akawapa Swedi na Farajallah daraja dogo la ushemasi msaidizi. Farajallah hakuishi sana baada ya hapo. Robert Feruzi aliondoka na msafara wa msafiri Stanley uliovuka bara zima kuanzia mwaka 1874. Katika msafara huo huo alikuwamo kijana mwingine wa Kiungani, Dallington Maftaa, na kisa chake ningependa kila mwalimu wa chuo cha Biblia akijue.

Stanley alifika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda mwaka 1875. Mutesa alitaka kusikia habari za kitabu cha Wakristo, na aliyeweza kumsomea na kumfasiria alikuwa Maftaa, kwa Kiswahili, lugha ambayo jumba la Kabaka lilikwisha kuizoea kwa biashara ya pwani. Sehemu za Maandiko zikaandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, ili wakuu wa jumba waweze kuzisoma. Stanley alipotaka kuendelea na safari Mutesa akaomba kijana huyo aachwe. Akaachwa. Wamisionari wa CMS, chama kingine cha misheni cha Waanglikana, walifika Buganda katikati ya mwaka 1877. Kwa takriban miaka miwili kabla ya hapo, aliyesoma na kueleza Injili katika jumba la mfalme mwenye nguvu kuliko wote kando ya Ziwa Viktoria alikuwa mvulana aliyetoka kwenye jahazi la watumwa, asiye na daraja lolote, aliyefundishwa shamba la Kiungani kusoma na kusali. Hakuna aliyempa mtihani wa mwisho. Walimu wake hawakuwa hata wamemtuma.

Naye Steere alikuwa amerudi Uingereza mwaka 1868, kisha akaitwa tena, na mwaka 1874 akawekwa askofu. Soko la watumwa lilikuwa limefungwa mwaka uliotangulia kwa mkataba wa Sayyid Barghash, mrithi wa Majid. Sehemu ya uwanja wake ilitolewa zawadi na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji, na jiwe la msingi la kanisa kuu likawekwa siku ya Krismasi 1873. Ukiingia leo Mkunazini utaona mduara wa marumaru sakafuni mbele ya madhabahu, pale inaposemwa ulisimama mti wa kuchapia. Nyuma kabisa ya kanisa, karibu na mahali pa ubatizo, zipo nguzo fupi zilizosimama kichwa chini, miguu juu. Waongozaji wa wageni husimulia kwamba mafundi walizipanga hivyo wakati Steere hayupo, naye aliporudi akaziacha. Wageni hucheka, nami sijaona la kuchekesha. Askofu aliyekuwa akisimamia kila jiwe mwenyewe alikuta kazi imefanywa na mikono mingine kwa namna ambayo yeye asingeifanya, na hakuamuru ivunjwe.

Mwaka 1876 Steere aliongoza kundi la watu walioachiwa huru kutoka shamba la Mbweni, akiwapeleka kwao upande wa Ziwa Nyasa. Hawakufika ziwani. Walifika Masasi, wakaona milima yake na maji yake, wakakaa. Mwaka 1879 akampa John Swedi ushemasi. Mtoto wa zawadi ya Majid akawa shemasi baada ya miaka 15 ya kuishi, kula, kusali na kupiga chapa pamoja na watu waliomlea. Steere mwenyewe akafariki mwezi Agosti 1882, na majuma machache baadaye Wangoni, wale waliojulikana kwa jina la Wamagwangwara, wakaivamia Masasi na kuichoma.

Kabla sijaendelea, Mbweni. Kila mara historia hii inapoandikwa hupangwa kwa majina ya wanaume na madaraja yao. Lakini huko Mbweni, mwendo mfupi kutoka Kiungani, palikuwa na shule ya wasichana iliyoongozwa kwa miaka mingi na Caroline Thackeray. Wasichana hao nao walitoka majahazini. Wengi wakawa walimu, na wengi wakaolewa na vijana wa Kiungani, wakaenda nao Masasi, Newala, Magila. Ndoa hizo zilifanya kazi ambayo hakuna chuo kingeifanya. Kijana asiye na mjomba, asiye na shangazi, asiye na ukoo wa kumpa mke wala wa kumwonya, alipata nyumba yenye sala jioni na mtu wa kumuuliza, je, hotuba yako ya leo watu waliielewa? Majengo ya shule ile sasa ni magofu kando ya bahari, na majina ya wake wale hayajaandikwa ipasavyo.

Sasa Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao aliyekamatwa akiwa mdogo, akauzwa, akakombolewa, akalelewa Kiungani, akapelekwa kusoma Canterbury katika Chuo cha Mtakatifu Agostino. Aliyemshika mkono alikuwa askofu wa tatu wa Unguja, Charles Smythies, mtu wa kutembea. Smythies aliifahamu dayosisi yake kwa nyayo, kutoka Bonde hadi Ruvuma hadi Nyasa, na katika safari hizo alikuwa akichukua vijana. Aliamini, na akaandika, na akarudia mpaka watu wa kwao wakachoka, kwamba Mwafrika alelewe katika namna za Kiafrika na asigeuzwe Mwingereza mweusi. Imani ya namna hiyo ni rahisi kuitamka, nayo hupimwa kwa mtu unayemwacha peke yake.

Mwaka 1886 Smythies alimpa Majaliwa ushemasi na kumpeleka Chitangali, kwa Nakaam, mmoja wa wakuu wa Wayao. Hakumwekea Mzungu wa kumsimamia. Fikiria mahali pale. Mkuu wa Wayao ambaye watu wake kwa miaka mingi walikuwa wakifanya biashara na pwani, na biashara hiyo ilikuwa pamoja na watu. Na mbele yake anatokea Myao mmoja wa hao waliouzwa, amevaa kanzu nyeupe, anasema lugha ya nyumbani, ana mke na watoto, naye anafundisha. Nakaam akambariki kwa kumpa nafasi, na hatimaye yeye mwenyewe akabatizwa kwa jina la Barnaba. Mwaka 1890, Januari, Majaliwa akapewa ukasisi katika kanisa kuu la Mkunazini. Alikuwa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupata daraja hilo, na akalipokea mahali ambapo wenzake waliwahi kuuzwa. Kisha akarudi Chitangali.

Hapo Chitangali ndipo ninapoona mlolongo huu ukitoa tunda lake la pili. Katika nchi ile ya Wayao vijana wa kizazi kilichofuata waliona kwamba padre anaweza kuwa mtu wao, mwenye shamba, mwenye watani, anayejua kusalimia wazee. Hawakuhitaji kuhubiriwa kwamba inawezekana. Mmoja wa watu wa nchi hiyo, Kolumba Msigala, alikwenda Kiungani, akawa kasisi na baadaye kanoni, na aliacha kumbukumbu zake zimeandikwa kwa Kiswahili. Wanahistoria wa Masasi wamezisoma kwa shukrani kubwa, kwa sababu bila mzee huyo tungekuwa na barua za Wazungu tu.

Smythies alifariki safarini baharini mwaka 1894. Na kuanzia hapo jambo fulani lilipungua. Mapadre wa Kiafrika waliendelea kupatikana. Kule Bonde walikuwapo Petro Limo na Samuel Sehoza, wana wa nchi waliotoka katika nyumba zao wenyewe, hawakupitia jahazini. Upande wa Nyasa, Yohana Abdallah alihudumu Unangu, akaandika kwa Kiyao historia ya watu wake iliyochapwa mwaka 1919, kitabu ambacho hadi leo hakuna anayeweza kuandika juu ya Wayao bila kukipitia. Augustine Ambali, mtoto mwingine wa majahazini, alitoka Kiungani akaenda ziwani akakaa huko miaka mingi, na yeye pia akaandika maisha yake. Leonard Kamungu, aliyepewa ukasisi mwaka 1909, alivuka hadi Msoro, katika Zambia ya leo, mwaka 1911, akawa mmisionari katika nchi isiyo yake, na akafia huko mwaka 1913 akiwa bado kijana. Hao wote ni wajukuu wa watoto watano wale, ukihesabu ukoo kwa malezi.

Lakini ngazi ilikuwa na kikomo. Shemasi, ndiyo. Kasisi, ndiyo. Kanoni, kwa wazee waliodumu. Uaskofu ulibaki wa waliotoka ng'ambo. Ukoloni ulikuwa umeingia na mambo yake, na hata watu wema walianza kusema kwamba wakati bado, kwamba wasubiri kizazi kingine. Kutoka ukasisi wa Majaliwa hadi kuwekwa kwa askofu wa kwanza Mwafrika katika Dayosisi ya Zanzibar ilipita miaka 73. Ninapoifikiria tarakimu hiyo huona watu, mmoja mmoja, waliolea wengine maisha yao yote na wasiruhusiwe kumalizia malezi yao wenyewe. Hilo lilikuwa kosa, na halipungui ukubwa kwa kuwa waliolifanya walikuwa wacha Mungu.

Frank Weston anatusumbua hapa, kwa kuwa alikuwa mlezi hasa. Alifika Unguja mwaka 1898, na muda si mrefu akawekwa juu ya chuo kipya cha theolojia cha Mtakatifu Marko huko Mazizini. Kisha akaongoza Kiungani, na mwaka 1908 akawa askofu. Alikiongea Kiswahili kama mtu aliyekiota. Pale Mazizini alikaa na wanafunzi, sala moja, saa moja, kengele moja kwa wote. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, Waingereza walipotafuta wapagazi Unguja, Weston alikwenda nao bara akiwa kiongozi wao, akitembea, na baada ya vita akaandika kijitabu kikali dhidi ya kulazimisha Waafrika kazi. Alifariki Hegongo, karibu na Magila, mwezi Novemba 1924. Na hata yeye, pamoja na upendo ule, hakumwachia Mwafrika kiti.

Kilichowaachia Waafrika kazi mikononi ni vita hivyo. Mwaka 1914 Wajerumani waliwakamata wamisionari Waingereza wa Tanganyika wakawapeleka kuzuiliwa, wengi wao Tabora. Walimu na mapadre wa Kiafrika nao hawakusalimika. Wapo waliofungwa, waliopigwa kwa tuhuma za upelelezi, waliofanywa wapagazi. Lakini waliobaki vijijini waliendelea. Kuanzia Bonde hadi Masasi, ubatizo, mazishi, mafundisho ya wakatekumeni na hesabu ya sadaka vilikuwa mikononi mwa watu waliofundishwa na Kiungani na Mazizini. Hapakuwa na barua kutoka kwa askofu. Mvinyo wa Komunyo ulikwisha mahali pengi. Wamisionari walipoachiwa na kurejea, walikuta makanisa yamesimama na watu wamo ndani. Hapo ndipo mtihani ulipofanyika, na wasahihishaji walikuwa wamefungiwa mbali.

Kule Masasi vita vilipoisha lilikuwa linaendelea jambo jingine ambalo lingemshangaza Steere na huenda lingemfurahisha. Wayao, Wamakua na Wamwera walikuwa na chuo chao cha malezi miaka mingi kabla ya Kiungani, nacho ni jando. Mwari haingii kumbini peke yake. Ana mlezi wake anayelala karibu naye, anayemchotea maji, anayemtazama kidonda, anayemfundisha nyimbo na maana ya nyimbo, na ambaye baada ya kutoka ataheshimiana naye maisha yote. Kwa wamisionari wa mwanzo hilo lilikuwa giza la kuepukwa. Lakini mapadre na walimu wa Kiafrika walikuwa wamepita humo wenyewe, au walikuwa na watoto wasiotaka kubaki wavulana milele machoni pa wenzao. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, anasifiwa kwa kuanzisha jando la Kikristo, lenye sala mahali pa tambiko na kasisi mahali pa mganga. Sifa anazistahili, kwa kuwa alisikiliza. Ila waliojua kipi kitolewe, kipi kibaki, na kipi kikiguswa wazee watasusa, walikuwa akina Msigala. Askofu aliyesoma Oxford alifundishwa malezi na wanafunzi wa wanafunzi wa Steere.

Kiungani penyewe pakafungwa. Mwaka 1925 shule ikahamishiwa bara, Minaki, karibu na Kisarawe, ikabeba jina lake la Mtakatifu Andrea, na wengi waliopita hapo baadaye wakawa watumishi wa serikali, waganga na walimu wa taifa jipya. Malezi ya mapadre yakaendelea kuhama hama, yakakaa Hegongo, yakaenda kusini. Hapo sitakaa sana. Vyuo huhama.

Wanawake nao walipata njia yao. Masista wa shirika aliloliunda Weston mwaka 1911 waliwalea wasichana wa Kiafrika waliotaka kuwekwa wakfu, na mwaka 1946 kikazaliwa Chama cha Mariamu Mtakatifu huko Masasi. Leo ukiwauliza masista wa CMM nani alikulea, watakutajia mama mmoja wa Kitanzania, na huyo naye atakutajia mama mwingine, na hivyo hivyo, mpaka ufike kwa Mzungu ambaye wengi hawakumwona.

Mwaka 1963 John Sepeku, padre wa Bonde aliyekuwa na robo karne ya utumishi, akawekwa askofu msaidizi wa Zanzibar. Miaka miwili baadaye akawa askofu wa kwanza wa Dar es Salaam, na mwaka 1970, Tanzania ilipofanywa jimbo la Kanisa Anglikana lenye kujitegemea, akawa askofu mkuu wake wa kwanza. Dayosisi za upande wa CMS zilikuwa zimetangulia kidogo, zilipompata Yohana Omari mwaka 1955. Ukiwauliza wazee waliokuwapo siku za Sepeku hawakuelezi juu ya sera. Wanakuambia alivyokuwa akiwaita mapadre vijana nyumbani, wanakula naye, anawauliza juu ya wake zao na mashamba yao, na baadaye sana, chai imekwisha, ndipo anataja lile kosa.

Miongoni mwa waliokuja nyuma yake ni John Ramadhani. Alikuwa mwalimu kwanza, kisha akakiongoza chuo cha theolojia cha Dar es Salaam kilichoitwa, kama kile cha Weston kule Mazizini, Mtakatifu Marko. Mwaka 1980 akawekwa askofu wa Zanzibar na Tanga, na kuanzia 1984 hadi 1998 akawa askofu mkuu wa Tanzania. Kanisa la Mkunazini likawa kanisa lake. Siku za kuwapa vijana daraja, askofu huketi kitini mbele ya madhabahu, mashemasi wanapiga magoti hapo chini karibu na ule mduara wa marumaru, mapadre wazee wanatoka vitini wanakuja kuweka mikono juu ya vichwa vyao pamoja naye. Hatua chache nyuma yao yuko Steere kaburini. Na maneno yanayosemwa juu ya vichwa vile ni ya Kiswahili, lugha ambayo Steere aliomba kufundishwa, na ambayo vijana wa Kiungani waliipanga neno kwa neno kwa herufi zilizogeuka.

Mikono ya wazee hukaa pale juu muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajiwa na ibada. Kisha huondolewa, na kijana anasimama mwenyewe.